Seva Kubwa Haitibu Kanzidata Iliyotelekezwa

Kuna hukumu inayotolewa kwa urahisi mno katika vikao vya taasisi zetu. Mfumo umekuwa mzito, ripoti ya mwezi haifunguki, wahudumu wa kaunta wanalalamika, na mkuu wa kitengo anasema: seva imezidiwa, tununue kubwa zaidi. Kikao kinakubali. Bajeti inaandikwa, zabuni inatangazwa, mashine inaletwa ikiwa na RAM mara nne ya ile ya zamani, na kwa muda mambo yanaonekana kunyooka. Kisha uzito unarudi. Hapo inazuka hukumu ya pili, mdogo wa ile ya kwanza: tuhamie kwenye wingu, huko kanzidata inajiendesha yenyewe.

Hukumu zote mbili zina mzizi mmoja, nao ni imani kwamba kanzidata ni kifaa cha kununua, kikishasakinishwa hakihitaji mtu wa kukisimamia. Naipinga imani hiyo bila kupepesa macho. Inatugharimu fedha kwa mashine ambazo hazikuhitajika, na inaziweka rekodi za wagonjwa, wanafunzi na wanachama wa SACCOS kwenye hatari ambayo hakuna mashine inayoweza kuiondoa.

Wenye imani hii niwape haki yao kwanza. Hawakuiokota hewani. Kwenye Ubuntu au Debian, amri moja inatosha kusakinisha programu ya kanzidata ya PostgreSQL. Baada ya dakika chache seva iko hewani, inapokea data na kujibu maswali. Programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986 chini ya Michael Stonebraker imepevuka kiasi kwamba inaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuguswa. Ni kweli pia kwamba mashine zimeshuka bei, na kwamba saa za mtaalamu ni ghali. Mtu anayetazama mambo hayo tu ataona ni busara kununua chuma na kuachana na mtaalamu. Lakini ajiulize hicho chuma kinafanywa nini kikishafika.

PostgreSQL ikisakinishwa bila kuguswa, kipimo kinachoitwa shared_buffers, yaani kumbukumbu ambayo seva hujitengea kwa ajili ya kurasa za data, huwa MB 128. Kipimo cha work_mem, ambacho kila kazi ya kupanga au kulinganisha data huruhusiwa kutumia kabla ya kuumwaga mzigo kwenye diski, huwa MB 4. Waliovipanga hawakukosea: walitaka programu iwake kwenye mashine yoyote, hata ndogo kabisa. Wanaokosea ni wale wanaoileta mashine ya GB 128 na kuiwekea vipimo hivyohivyo. MySQL nayo haiko mbali. Hifadhi kuu ya InnoDB, injini yake ya kuhifadhi data, huanza na MB 128, ilhali mwongozo wa MySQL wenyewe unasema kwenye mashine iliyotengwa kwa kazi hiyo unaweza kuipa hadi asilimia 80 ya kumbukumbu yote.

Atatokea mjuzi aseme kwamba RAM iliyobaki haipotei, kwa sababu Linux huitumia kuhifadhi kurasa za mafaili zilizosomwa karibuni. Ni kweli, na ndiyo maana kwa PostgreSQL ushauri wa kawaida ni kuanzia robo ya RAM, nyingine ikaachiwa Linux. Lakini hoja hiyo haiwaokoi. PostgreSQL huchagua njia ya kutafutia data kwa kukadiria gharama, na makadirio hayo hutegemea namba tulizoipa. Isipoambiwa vinginevyo, inaamini kwamba kuruka hadi ukurasa ulio mbali kwenye diski kuna gharama mara nne ya kusoma ukurasa unaofuata. Namba hiyo, random_page_cost, ni urithi wa diski za kuzunguka. Kwenye diski za SSD inaweza kuifanya seva ikwepe faharasa nzuri na kulisoma jedwali zima. Umelipia diski za kasi, na seva inaendelea kupanga safari kana kwamba barabara ni ya vumbi.

Kuna hatari ya upande wa pili. Fundi aliyesoma kijuujuu anaona MB 4 ni aibu, anapandisha work_mem hadi GB 1. Hajui kwamba kipimo hicho si cha seva nzima. Ni cha kila hatua ya kupanga ndani ya kila swali, na swali moja laweza kuwa na hatua kadhaa. Kila muunganisho katika PostgreSQL nao ni mchakato unaojitegemea, na kwa kawaida miunganisho 100 inaruhusiwa. Siku ya kufunga hesabu, ripoti thelathini zinaendeshwa pamoja, kumbukumbu inakwisha, na kiini cha Linux kinachagua mchakato wa kuua ili mashine isife. Kikiua mchakato mmoja wa PostgreSQL, mchakato mkuu hauwezi tena kuiamini kumbukumbu ya pamoja, kwa hiyo hukata miunganisho yote na kuanza upya kwa kurejesha hali kutoka kwenye daftari la mabadiliko. Kwa mtumiaji, mfumo umeanguka. Kwa kikao, seva imezidiwa tena. Kumbe dawa ilikuwa kuirudisha namba hiyo mahali pake, kuweka PgBouncer mbele ili miunganisho ipungue, na kubadilisha vm.overcommit_memory ili Linux isiahidi kumbukumbu isiyokuwa nayo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalouzwa dukani.

Niingie kwenye kiini cha uzito wenyewe, kwa sababu hapa ndipo hoja ya kununua huporomoka kabisa. Chukua jedwali la miamala lenye mistari milioni 20, kila mmoja ukibeba takriban baiti 200. Hizo ni kama GB 4, na kwa kuwa PostgreSQL husoma data kwa kurasa za KB 8, jedwali lina karibu nusu milioni ya kurasa. Mhudumu anauliza miamala ya mwanachama mmoja. Ikiwa safuwima ya namba ya mwanachama haina faharasa, seva italazimika kupitia nusu milioni hiyo yote kwa ajili ya mistari arobaini. Ikiwa ina faharasa, itashuka ngazi tatu au nne na kusoma kurasa chache tu. Mashine yenye kasi maradufu itaupunguza muda wa kazi ya kwanza kwa nusu. Faharasa, inayotengenezwa kwa mstari mmoja wa amri tena bila kuzuia watu kuendelea kuandika ukitumia CREATE INDEX CONCURRENTLY, inaiondoa kazi yenyewe. Hakuna mashine duniani inayouzwa kwa tofauti ya namna hiyo.

Na upungufu huu una chanzo kinachojulikana. MySQL kwa kutumia InnoDB hutengeneza faharasa yenyewe kwenye safuwima inayorejelea jedwali jingine. PostgreSQL haifanyi hivyo. Mwandishi wa programu aliyelelewa kwenye MySQL anahamia PostgreSQL, anaandika majedwali yake vizuri kabisa, anapima kwa mistari mia tano, kila kitu kinaruka. Miaka miwili baadaye jedwali la vipimo vya maabara lina mistari milioni kadhaa, na kufuta rekodi moja ya mgonjwa iliyoingizwa mara mbili kunaisimamisha ofisi, kwa sababu kila ufutaji unalazimisha jedwali zima la vipimo likaguliwe. Tatizo lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Mashine mpya italificha mpaka mistari iongezeke tena, na itaongezeka, kwa kuwa hospitali haiachi kupokea wagonjwa.

Mtu atajuaje swali lipi ndilo linaloumiza? Anauliza seva. Nyongeza ya pg_stat_statements huhesabu kila aina ya swali, limeitwa mara ngapi na limekula muda gani. Amri ya EXPLAIN ANALYZE huonyesha hatua kwa hatua seva ilipita njia gani, na ukiiongezea BUFFERS huonyesha imesoma kurasa ngapi. Kipimo cha log_min_duration_statement, ambacho kimezimwa usipokiwasha, huandika kila swali lililozidi muda uliouweka. Zote ni bure, zote zimo kwenye PostgreSQL hiyohiyo mliyosakinisha. Ninachouliza ni hiki: ni wangapi kati ya waliosaini ununuzi wa seva mpya walionyeshwa kwanza orodha ya maswali kumi mazito? Anayenunua bila kuiona hajafanya uamuzi wa kitaalamu. Amekisia, na amekisia kwa fedha za umma au za wanachama.

Wala sisemi faharasa zijazwe kila safuwima. Kila faharasa ni mzigo kwenye kila uandishi, na nyingi zikizidi huligeuza tatizo la kusoma kuwa tatizo la kuandika. Ndiyo maana anahitajika mtu mwenye kupima, kisha akaamua.

Sasa niende kwenye jambo ambalo mashine kubwa hulizidisha. PostgreSQL haifuti mstari papo hapo ukiubadilisha. Huandika toleo jipya na kuliacha la zamani mpaka pasiwe na muamala unaolihitaji. Kisha autovacuum hupita kusafisha. Muamala ulioachwa wazi na programu iliyoandikwa ovyo, ukakaa siku tatu bila kufanya lolote, huzuia usafishaji wa matoleo yote yaliyokufa baada yake. Jedwali linavimba, maswali yanakuwa mazito, na mtu anaona diski inajaa. Baya zaidi, wapo wanaoizima autovacuum kabisa kwa madai kwamba inakula diski.

Matokeo ya usafishaji kubaki nyuma yanajulikana. Kila muamala unaoandika hupewa namba ya biti 32, na namba hizo huzunguka. Seva inaweza kutofautisha ya zamani na mpya ndani ya upeo wa takriban bilioni mbili tu. Usafishaji usipozigandisha namba za zamani, PostgreSQL ikikaribia ukingo hukataa kuandika chochote ili isiharibu data. Hilo liliipata huduma ya barua pepe ya Mandrill Februari 2019: moja ya kanzidata zake ilifika ukingoni, na usumbufu ukadumu zaidi ya siku nzima. Angalia sasa mashine kubwa inafanya nini hapa. Inaendesha miamala mingi zaidi kwa sekunde. Yaani inazimaliza namba upesi zaidi. Taasisi isiyosimamia usafishaji, ikinunua mashine yenye kasi maradufu na kuijaza kazi, imenunua kufika ukingoni mapema.

Watetezi wa wingu watasema haya yote ni ya wale wanaojisumbua na seva zao wenyewe. Siyo. Anayekuuzia kanzidata kwenye wingu anachukua kazi halisi: anaweka viraka vya mfumo endeshi, anachukua nakala rudufu, anaihamisha kazi kwenye mashine nyingine ya kwanza ikifa. Nayaheshimu hayo, na kwa taasisi nyingi ni uamuzi mzuri. Lakini hasomi maswali yako, hatajua kwamba jedwali la vipimo linakosa faharasa, hatafunga muamala ulioachwa wazi na programu yako, wala hatajua kwamba uliitangaza safuwima ya utambulisho kuwa ya aina ya namba inayoishia 2,147,483,647. Basecamp, huduma ya kusimamia miradi mtandaoni, ilifika kwenye namba hiyohiyo Novemba 2018, na kwa saa kadhaa wateja wake waliweza kusoma tu bila kuandika. Kwetu kuna jambo jingine la kuongeza. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora. Kanzidata iliyo ng'ambo siku kama hiyo ni nzima kabisa, ila kaunta haiifikii. Aliyehamia wingu bila kufikiria siku hiyo bado alihitaji msimamizi. Alichofanya ni kumkosa akiwa mbali zaidi.

Linux yenyewe, ambayo watu huiona kama sakafu isiyotikisika, ina mitikisiko yake. Mwaka 2018 toleo la 2.28 la glibc, maktaba ya msingi ya Linux, lilibadilisha utaratibu wa kupanga maandishi kialfabeti, hasa penye alama za uakifishaji. Faharasa za PostgreSQL zilizojengwa kwa utaratibu wa zamani hazikujua. Aliyepandisha mfumo endeshi hadi Debian 10 bila kuzijenga upya faharasa zake za maandishi alibaki na seva inayowaka, isiyotoa kosa lolote, lakini inayoweza kusema mtu fulani hayumo wakati yumo. Nchi iliyojaa majina yenye ng' ina kila sababu ya kulijali hili: mgonjwa asiyeonekana kwenye mfumo huandikishwa upya, na historia yake ya dawa inabaki kwenye rekodi nyingine. Hakuna mashine, ndogo wala kubwa, ambayo ingeliona kosa hilo. Lingeonwa na mtu anayesoma maelezo ya toleo kabla ya kubonyeza.

Na hizi rekodi si za kubuni. DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine nyingi, huhifadhi data yake kwenye PostgreSQL. OpenMRS, ambao chimbuko lake lina uhusiano wa karibu na Eldoret, Kenya, hutumia MySQL au MariaDB. Hizi ndizo hesabu za chanjo, za malaria, za uzazi. Mtu anayesimamia seva hizo hukutana na ushauri wa kila namna, na hapo uelewa hutenganisha uhai na hasara. Akiweka synchronous_commit kuwa off, seva inaongeza kasi kwa kukubali kwamba umeme ukikatika miamala ya mwisho kabisa inaweza kupotea, ila kanzidata itabaki nzima. Akiweka fsync kuwa off, kasi pia inaongezeka, lakini umeme ukikatika kanzidata yote inaweza kuharibika isisomeke. Mistari miwili kwenye faili moja, yote ikisifiwa kwa kasi. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, kumpa faili hilo mtu asiyejua tofauti yake ni kuzichezea rekodi za watoto waliochanjwa.

Nimeliacha la nakala rudufu mwisho kwa sababu ndilo wanaloliegemea zaidi: tunazo nakala, mambo yakiharibika tutarudisha. GitLab, huduma ya kuhifadhi misimbo ya programu, nayo iliamini hivyo. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, fundi wake aliyekuwa akihangaika na seva pacha alifuta folda ya data kwenye seva isiyo sahihi, ile kuu. Alipositisha, kati ya takriban GB 300 zilikuwa zimebaki GB 4.5. Wakazikimbilia nakala. Nakala za kila siku za pg_dump hazikuwepo: zilikuwa zikiendeshwa kwa programu ya toleo la 9.2 dhidi ya seva ya 9.6, zikikataa kila siku, na barua pepe za kuonya kuhusu hitilafu hiyo zilikataliwa na seva ya barua kabla ya kumfikia mtu. Picha za diski hazikuwa zimewashwa kwa seva za kanzidata. Seva pacha ilikuwa tupu. Kilichowaokoa ni picha ambayo fundi aliichukua kwa mkono saa kama sita kabla, kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Huduma ilirudi baada ya saa 18 hivi, na data ya saa hizo sita ikapotea. Kampuni ilichapisha taarifa kamili ya tukio, jambo la kiungwana ambalo taasisi chache huthubutu.

Najua atakayesema: huyo aliyefuta si alikuwa msimamizi? Ndiyo, mkono wa mtu ulifuta, na mikono itaendelea kufuta. Lakini lililowafikisha ukingoni halikuwa ufutaji. Ni kwamba kazi ya kurejesha nakala na kuikagua haikuwa ya mtu yeyote kwa jina. Mashine zilikuwa za kutosha, zana zilikuwa nyingi, na wingu walikuwa nalo.

Imebaki hoja ya wataalamu kuwa adimu na kuhama. Ni adimu kwa sababu hatuwalipi kwa kazi hii. Zabuni inajua kulipia kasha lenye taa zinazowaka, haijui kulipia wiki mbili za kusoma maswali mazito na kuyarekebisha. Mwongozo wa PostgreSQL uko wazi kwa yeyote, na kijana anayeijua Linux anaweza kufundishwa. Hospitali ya wilaya haihitaji msimamizi wa kudumu anayekaa na seva moja mchana kutwa. Hospitali kumi zaweza kumwajiri mmoja. Bei ya seva moja isiyohitajika ingemlipa muda mrefu.

Kwa hiyo kamati ya manunuzi ikiletewa ombi la seva mpya ya kanzidata, iombe mambo matatu kabla ya kufungua kalamu: orodha ya maswali kumi mazito kutoka pg_stat_statements, njia ya kila moja kama EXPLAIN ANALYZE ilivyoionyesha, na tarehe ambayo nakala rudufu ilirejeshwa mara ya mwisho kwenye seva tupu, pamoja na jina la aliyeifungua akahesabu mistari iliyomo. Kitengo kikishindwa kuleta hata moja kati ya hayo, fedha ile iliyotengwa kwa mashine iajiri kwanza mtu wa kuyaleta.